Fundo la Magreth

Ng'ombe alikwisha kuzoea. Jioni ya kukamuliwa ikifika, Eliona alikuja zizini na ndoo mkono mmoja na redio ya upepo mkono mwingine. Redio aliiweka juu ya pipa la pumba, akavuta waya wake mpaka kwenye mparachichi, kisha akaketi kwenye kigoda, akakamua huku akisubiri. Kituo cha angani cha Mlango kilipita juu ya Kibo mbingu ikiwa bado na mwanga, na kilikaa juu ya Masama kwa muda wa kumkamua ng'ombe mmoja asiye na haraka. Hapo ndipo sauti ya Magreth iliposhuka.

"Mama Jesse, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula ule uji wao wa kwenye mfuko. Wewe umepika nini?"

"Kiburu."

"Usiniambie!"

"Nimeshakuambia. Na ndizi zimeshika chini kidogo, kama unavyopenda."

Huko juu mtoto wa watu alitoa mguno wa uchungu, na Eliona akacheka peke yake, paji la uso ameliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Basi nisogezee mfongo," Magreth alisema.

Eliona aliinuka na redio, akaenda nyuma ya banda ulikopita mfongo, ule mfereji wa mababu unaoteremsha maji ya msituni mpaka migombani. Akashika kipaza sauti karibu na maji. Walisikiliza wote wawili, mmoja amechuchumaa kwenye tope, mwingine anaelea mahali pasipo na juu wala chini, mpaka sauti ya redio ikaanza kukwaruza, na kituo kikazama nyuma ya mlima.

Magreth alikuwa wa mwisho wa Kikosi cha Masale.

Kikosi hicho kiliundwa na marehemu mume wa Eliona, Anaeli, aliyewaongoza watalii Kibo tangu ujana wake. Makampuni ya madini yalipoanza kugombania vituo vya angani, yalitafuta askari wa kukodiwa, na yakagundua jambo ambalo wapagazi wa mlima walilijua siku zote: aliyezoea kubeba mzigo mahali penye hewa haba hapapatiki hewa inapopungua. Anaeli alikubali kukodiwa, lakini kwa masharti yake. Masale walilinda tu, hawakuvamia. Hawakumpiga aliyeinua mikono. Hawakumfungia mtu nje ya mlango, hata awe adui. Na mlinzi wa Masale haondoki lindoni kwa kuwa amechoka, wala kwa kuwa aliyemkodi amekimbia. Huondoka fundo lake likifunguliwa.

Kila aliyekwenda angani alipita kwanza kwenye kihamba cha Anaeli, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Alikata jani la isale kwenye ua, akalipiga fundo kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi kamanda. Huku mlimani isale si pambo. Ndilo linalosimama mpakani na makaburini likishuhudia, na anayeletewa jani lake na aliyemkosea hana ruhusa ya kulikataa. Anaeli aliyatundika mafundo jikoni, juu ya moshi. Lindo likiisha, aliliroweka jani kwenye maji ya mfongo mpaka likalainika, akalifungua taratibu bila kulikata, kwa maana fundo lililokatwa halikufunguliwa. Ndipo alipotuma neno.

Tajiri mmoja wa madini aliwahi kumtania: "Kamanda, si uwatumie ujumbe tu?"

"Ujumbe wangu unaweza kuibiwa," Anaeli alimjibu. "Sasa nenda ukaibe jikoni kwa mke wangu, tukuone."

Desemba iliyopita, mlima ulipowaita watoto wake kama kila Desemba, walinzi wa Mlango walitaka kuja nyumbani. Lakini kituo hakiwezi kuachwa. Magreth akasema, "Mimi sina mtoto wa kununuliwa nguo za Krismasi. Nendeni mkale nyama, nitabaki nishike mlango." Wakaja. Mafundo yao yakafunguliwa moja baada ya jingine, jikoni kukawa na kicheko na pombe ya mbege. Mwaka mpya haujakomaa, kifua kikambana Anaeli, akaenda. Wakamzika migombani, wakapanda masale pembe zote nne za kaburi. Fundo moja likabaki juu ya moshi. Watu wa kikosi wakakubaliana kwamba aliyebaki na jiko ndiye amebaki na fundo.

Pasaka, Fredy akaja. Alikuwa msaidizi wa Anaeli, na ofisi yao ndogo ya Njoro alikuwa ameshaifunga; redio iliyobaki ilikuwa hiyo ya Eliona.

"Mama, wamepatana," alisema. "Makampuni yote mawili yamehamisha vitu vyao. Mlango hauna mtu, hauna mali, hauna adui. Mfungue binti arudi."

"Nitamfungua," Eliona alisema, na alimaanisha.

Siku hiyo hiyo aliliroweka jani. Watoto wake walikuwa wamekwisha kurudi walikotoka; Jesse yuko Dar, hupiga simu Jumapili akiwa kwenye foleni, na husema "mama, nitakupigia" kabla foleni haijatembea. Viti vya msiba vilikuwa bado vimepangwa sebuleni, kimoja juu ya kingine, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuvishusha wala wa kuvikalia. Jioni Magreth akauliza kapika nini. Eliona akamwambia. Wakabishana kuhusu mtori, kama nyama huwekwa mwanzo au baadaye, na Eliona akajikuta amepaza sauti, amekasirika kwa raha, kama mtu mwenye nyumba yenye watu. Kituo kilipozama akalitoa jani majini, likiwa bado na fundo, akalirudisha kwenye msumari. Akasema moyoni, kesho.

Mvua za masika zikanyesha, zikakatika. Magreth alipouliza kama kuna neno, Eliona alijibu, "Tunangoja, mwanangu." Akaacha kushuka soko la Bomang'ombe, maana pale ndipo Priska, mama yake Magreth, alipouzia ndizi zake.

Mwezi wa saba, mchana wa ukungu mzito, Fredy akatokea tena. Alipanda kwa pikipiki, amevaa makoti mawili na kofia ya sufu.

"Shikamoo mama. Huku mnaishije? Hii si baridi, hii ni adhabu."

"Marahaba. Wewe uliyelala angani leo unalia na ukungu wa Masama?"

"Angani kulikuwa na hita, mama."

Eliona alitangulia kuingia jikoni. Kabla Fredy hajainama mlangoni, alilitungua fundo kwenye msumari na kulisokomeza kwenye mfuko wa sweta. Kisha akammiminia chai.

"Huyu binti yetu ana nini?" Fredy aliuliza, akikumbatia kikombe kwa mikono yote miwili. "Chombo kinachowarudisha mafundi kinapita Mlango kesho asubuhi. Vimeshapita viwili, hakupanda. Hiki ndicho cha mwisho. Baada ya hapo, labda mwaka kesho kutwa."

Eliona alisukuma kuni ndani ya jiko. "Asipopanda atakufa?"

"Afe na nini? Hewa ipo. Chakula cha kikosi kizima kipo. Kila kitu kipo kule, mtu tu ndiye hayupo." Akapuliza chai yake. "Nilimwambia Priska pale sokoni, binti yako kichwa chake ni jiwe la Kibo. Unajua alinijibu nini? 'Mwanangu si mkaidi. Mwanangu ni mtiifu. Kuna mtu hajamwambia.'" Fredy akacheka. "Mama ni mama, jamani. Hata mwanawe akiwa jiwe, atasema ni mkate."

Eliona alicheka naye. Mfukoni, jani kavu lilitoa mlio mdogo.

Fredy aliaga, pikipiki ikamezwa na ukungu, na nyumba ikarudi kuwa kama ilivyokuwa. Eliona alikaa jikoni akatazama moto. Hakuna aliyejua. Fredy mwenyewe alikwisha kumtafutia sababu, ukaidi wa binti. Angenyamaza leo tu, na kesho asubuhi chombo kingepita, halafu ingebaki miaka ya jioni mbele yake, kila jioni na shikamoo yake, kila jioni na mtu wa kumwuliza amepika nini. Wala hangekuwa amemwua mtu. Angekuwa amemweka tu, kama mtu anavyoweka akiba.

Akawaza juu ya yule mtoto anayeomba kusikilizishwa maji.

Aliteka maji mfongoni kwa bakuli, akalitumbukiza fundo. Lilikuwa limekauka hata likawa gumu kama ngozi, na alilisubiri sana. Lilipoanza kukubali, akalifungua kwa kucha, kunjo moja moja. Mahali pamoja lilipasuka ukingoni, upana wa ukucha. Akasimamisha mikono, akaomba, akaendelea. Mwishowe jani likalala wazi kiganjani, likiwa na makovu ya mikunjo yake.

Jioni alikwenda zizini na redio, bila ndoo. Ng'ombe akamgeukia, akalia.

"Mama Jesse, shikamoo. Mbona leo sisikii maziwa?"

"Sijakamua. Nisikilize, mwanangu, usinikatize. Fundo lako nimelifungua."

Sauti ikapanda juu, sauti ya msichana mdogo kabisa. "Neno limekuja? Limekuja leo?"

Ndiyo. Neno moja tu fupi lingetosha, na Magreth angeshuka akimshukuru, angekuja Masama na sukari na kanga, angemkumbatia. Lakini jani lilikuwa wazi mkononi mwake, na yeye alikuwa mke wa Anaeli.

"Lilikuja Pasaka."

"Pasaka ipi?"

"Hii iliyopita. Fredy alikuja mwenyewe kunipa. Sikukufungua. Ukishuka, sina wa kumwambia nimepika nini. Ndiyo sababu, sina nyingine."

Redio ilikoroma. Eliona alidhani mawimbi yamekatika.

"Vimepita vyombo viwili hapa," Magreth alisema. "Niliwawashia taa ya mlangoni, kuwaaga."

"Najua."

"Nilijiambia ni kazi."

"Najua, mwanangu. Kesho asubuhi kinapita cha mwisho. Upande."

Ng'ombe alilia tena. Huko juu kulisikika mlio wa chuma, kama mtu amegusa ukuta ili asimame vizuri mahali pasipo na kusimama.

"Nipe neno la kikosi," Magreth alisema. Hakusema Mama Jesse.

Eliona aliinuka kwenye kigoda, akasimama kama Anaeli alivyokuwa akisimama, jani juu ya kiganja. "Magreth wa Priska, mlinzi wa Mlango. Lindo limekwisha. Rudi kihambani."

"Lindo limekwisha," Magreth alijibu, na redio ikanyamaza.

Muda ulikuwa haujaisha. Kituo kilikuwa bado juu ya Masama; ng'ombe mmoja angeweza kukamuliwa na muda ukabaki. Eliona alingoja. Kisha akaibeba redio mpaka mfongoni, akachuchumaa kwenye tope, akashika kipaza sauti karibu na maji. Alikishika hivyo hadi sauti ilipoanza kukwaruza na kituo kikazama. Hakujua kama kulikuwa na mtu anayesikiliza.

Kesho yake Fredy aliandika kwenye simu: *Amepanda! Asante mama.* Jioni Eliona alikwenda zizini na ndoo tu. Katikati ya kukamua alirudi ndani kuchukua redio, akaiwasha, akasikia mvumo mtupu. Hata hivyo aliiacha ikivuma mpaka akamaliza.

Siku ya soko iliyofuata aliamka mapema, akavaa gauni la kanisani. Alikwenda kaburini kwa Anaeli, akakata jani moja la isale, bichi, pana. Hakulipiga fundo. Akalilaza ndani ya kikapu, akalifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa, akashuka Bomang'ombe.

Priska alikuwa akipanga mikungu yake. Alipomwona aliacha kila kitu.

"Mama Jesse! Tulidhani umehamia Dar! Umesikia? Anashuka! Fredy ananiambia watamfundisha kwanza kutembea, miguu imelegea kama ya ndama, halafu waniletee mwanangu. Njoo, kaa hapa juu ya debe, unaonekana umechoka. Nilisema mimi! Nilisema kuna mtu alikuwa hajamwambia!"

Eliona hakukaa.

"Na humo umeniletea nini?" Priska alichungulia kikapu, akicheka bado.

Eliona aliingiza mkono chini ya kitambaa. Akalitoa jani, akalishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.

Priska alilitazama jani. Kicheko kilibaki usoni mwake kidogo, kama mgeni asiyejua kwamba wenyeji wamekwisha kulala, kisha kikaondoka. Mteja akauliza bei ya mkungu, akauliza tena. Isale halikataliwi, na wote wawili walilijua hilo tangu utotoni. Lakini hakuna mzee aliyewahi kusema kwamba lazima lipokelewe haraka. Eliona alisimama katikati ya soko, mikono imenyooshwa, akangoja.