Jina Linaloanza na M

Dorothea na Scolastika waliajiriwa pamoja mwaka 1992 katika mradi wa takwimu za mvua mjini Dodoma, wakapanga nyumba moja Chang'ombe. Walikuwa marafiki hadi kompyuta za mradi zilipofika na Mwalimu Apolinari akaletwa kutoka Dar es Salaam kuwafundisha Fortran, lugha ya kuandikia programu.

Somo lilimwingia Scolastika upesi. Dorothea alipokuwa bado akihangaika na mzunguko wa amri zinazojirudia uliogoma kusimama, mwenzake alikwisha kuingiza masharti ndani yake na kupata jibu.

"Mtazameni Scola," mwalimu alizoea kusema.

Maneno hayo yalimchoma Dorothea. Alianza kuchukia hata namna mwenzake alivyovuta kiti karibu na kompyuta.

Zoezi la mwisho lilikuwa kuandika programu ya kuhesabu siku za mvua za Bahi kutoka kumbukumbu za zamani zilizopimwa kwa inchi. Ambaye angefanya vizuri zaidi angekabidhiwa chumba cha kompyuta.

Siku ya Jumanne Scolastika alimwita Dorothea. "Hebu nitazamie hii, dada."

Programu ilikuwa imepangika vizuri. Mzunguko ulisoma kipimo cha kila siku, ukakigeuza kuwa milimita, ukakiweka chini ya jina MVUA. Kisha likaja sharti: kama MVUA inazidi sifuri, ongeza siku moja.

Dorothea aliliona kosa papo hapo, kwa sababu wiki iliyopita lilikuwa limemtesa yeye. Usipoiambia Fortran aina ya namba unayotaka, huamua yenyewe kwa herufi ya kwanza ya jina. Jina linaloanza na M hulichukulia kuwa la namba nzima, na desimali hukatwa. Manyunyu ya nusu milimita yaligeuka sifuri, na siku ile ikahesabiwa kuwa kavu.

"Iko sawa?" Scolastika aliuliza.

"Iko sawa."

Jioni walikula ugali na mlenda katika sahani moja.

Ijumaa wakubwa wa mradi walikuja. Scolastika alionyesha kazi yake, na mkurugenzi, Bwana Msafiri, alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika Dorothea aliponyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Hesabu hiyo si sahihi. MVUA imekatwa desimali."

Scolastika hakumtazama. Aliinama kwenye kioo cha kompyuta, akasoma programu yake kutoka juu, kisha akaongeza mstari mmoja wa kutangaza kwamba MVUA ni namba yenye desimali. Alipoiendesha tena, siku za mvua ziliongezeka. Akawageukia wakubwa na kuwaeleza kosa lake lilikuwa wapi, taratibu, mpaka mhasibu wa mradi, asiyejua Fortran, naye akaelewa.

"Huyu hatatudanganya," alisema Bwana Msafiri, na watu wakapiga makofi.

Programu ya Dorothea, iliyofuata, haikuwa na kosa. Hakuna aliyeuliza swali.

Nje, Scolastika alimsubiri ukutani penye kivuli.

"Umelijua tangu lini?"

Dorothea alifikiria kudanganya, akashindwa. "Tangu Jumanne."

"Tulikula pamoja Jumanne."

"Tulikula."

Scolastika aliondoka. Mwisho wa mwezi aliihama nyumba yao, akaenda kupanga Makole, akapewa chumba cha kompyuta na ruhusa ya kuchagua msaidizi. Alimchagua Dorothea.

"Kwa nini mimi?" Dorothea aliuliza, akiwa bado amesimama mlangoni.

"Wewe unayaona makosa yangu. Ila sasa utaniambia siku hiyohiyo. Kaa."

Dorothea alikaa. Hakujua kama alikuwa amesamehewa au ameadhibiwa. Alichojua ni kwamba yeye, angekuwa katika nafasi ile, asingemchagua Scolastika, na kwa hilo pia alimwonea wivu.