Ndugu Mhakiki na Mikono Mirefu

Katika gazeti la Nyota ya Nyanda, lililokuwa likitoka Mbeya kila Ijumaa kama wino haujaisha, maonyesho ya sanaa hayakuwahi kuwa mabaya. Yote yalifana. Ya vinyago yalifana, ya vikapu yalifana, na hata yale ya Chimala, ambako mvua iliingia ukumbini ikazifua picha zikabaki karatasi tupu, yalifana sana. Mhariri, Mzee Bartholomeo, alikuwa na habari moja tu ya maonyesho, na alichobadilisha kila mara ni jina la mgeni rasmi.

Rukia binti Mrisho, mpiga chapa wa gazeti hilo, alikuwa ameichapa habari hiyo mpaka vidole vikaikinai. Akimaliza hapo alirudi kwenye matangazo ya vifo. Hakuna aliyemwuliza kama ana maoni, na binti huyu maoni alikuwa nayo tele.

Basi mwaka wa sabini na tano Mwalimu Andendekisye akarudi Mbeya kutoka Chuo Kikuu, amefuga ndevu na amekuja na neno jipya: uhakiki. Akaanzisha darasa la jioni. Wanafunzi walikuwa wachache, na wengine walikuja kwa sababu darasani kulikuwa na taa. Rukia alikaa mbele.

"Kuhakiki si kusifu, wala si kutukana," alisema Mwalimu. "Simama mbele ya picha. Tazama mpaka kitu kikusumbue. Ukishakipata, usikikimbie. Kiulize: kwa nini?"

Rukia alirudi nyumbani kichwa kimemvimba. Dukani kwa baba yake aliikabili kalenda yenye picha ya mama anayenyonyesha, akauliza kwa nini mama huyo anamtazama mpiga picha na si mtoto. Wateja wakamwonea huruma Mzee Mrisho. Jikoni akamwambia mama yake kwamba pilau ile ina mvutano kati ya mchele na nyama.

"Mvutano utauona ukilala na njaa," mama yake akajibu, akamnyang'anya sahani.

Habari za maonyesho makubwa ya Iringa zilipofika, Rukia alijitia moyo akaomba aende yeye. Mzee Bartholomeo alimtazama juu ya miwani. Goti lilikuwa linamsumbua, na barabara ya Iringa ni ndefu.

"Nenda. Ukileta kitu kinachosomeka, ukurasa wa sanaa ni wako. Ukiniletea aibu, marehemu wanakusubiri hapa hapa." Kisha akanyanyua simu, akampigia Afisa Utamaduni wa Iringa. Alikuwa amelisikia lile neno jipya na akaona si vibaya kulitumia. "Tunakuleteeni mhakiki," alipiga kelele ili asikike. "Mhakiki! Ndiyo, kesho!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa Rukia bado alikuwa akikunja kanga zake. Maana maofisini kuhakiki kulikuwa na maana moja tu, nayo haikuwa na ndevu. Mhakiki ni mtu anayekuja kuangalia kama ulivyosema vipo ni kweli vipo, na kama vimekaa sawa. Wa mwisho kufika Iringa alihakiki viti vya ukumbi, na bwana aliyekuwa na dhamana ya viti akahamishiwa Makongolosi, ambako hakuna ukumbi wala viti.

Kwa hiyo Rukia aliposhuka kwenye basi, vumbi hadi kwenye kope, alimkuta Ndugu Marcelino, Afisa Utamaduni mwenyewe, amesimama wima katika kaunda suti iliyopigwa pasi ikaweza kusimama peke yake.

"Kamwene, Ndugu Mhakiki! Pole na safari. Kila kitu kipo. Hakuna kilichopotea."

Rukia aliona ni heshima isiyo ya kawaida kwa sanaa, na ilimpendeza. Aliletewa soda. Aliletewa na kiti, kila alipokwenda, na mtu wa kukibeba.

Ukumbini kulikuwa na wakulima, ukuta mzima wa wakulima. Wote walishika majembe, wote walicheka, na wote walikuwa na meno mengi kuliko inavyowezekana. Kilimo kilikuwa cha kufa na kupona miaka ile, lakini katika picha hizo hakuna aliyekufa wala aliyetoka jasho. Rukia alisimama, akatazama mpaka akasumbuliwa, kama alivyofundishwa.

"Majembe haya yote ni masafi," akasema kwa sauti, akijisikia mtu kweli. "Kwa nini?"

Ndugu Marcelino alichomoa kalamu. "Litashughulikiwa."

Pembeni, karibu na mlango wa stoo, ilitundikwa picha moja isiyocheka. Wanawake wa Ubaruku walikuwa wakivuna mpunga, wameinama, nyuso hazionekani. Mikono yao ilishuka kutoka mabegani, ikashuka, ikashuka, hadi kwenye matope. Rukia aliisogelea. Hakuwahi kuona picha iliyochoka namna ile. Alitamani kulia, akakumbuka kwamba yeye ni mhakiki.

"Mikono hii ni mirefu," alinong'ona. "Mirefu kupita kiasi. Kwa nini?"

"Imechorwa na Ikupa, mwalimu wa kazi za mikono," Ndugu Marcelino alisema haraka, kama mtu anayetaja jina la mwizi. "Tutamweleza."

"Nitafurahi sana," alisema Rukia, akidhani anaahidiwa mazungumzo.

Kesho yake mgeni rasmi akakata utepe. Rukia aliingia amejifunga kibwebwe, sentensi zake tayari kichwani. Majembe yote yalikuwa na tope. Tope jipya, la rangi moja, lililopakwa kwa brashi moja. Akakimbilia pembeni.

Wanawake wa Ubaruku walikuwa bado wameinama, lakini mikono yao sasa ilikuwa ya kawaida, mizuri, ya kadiri. Iliishia magotini. Miundu ilining'inia hewani na mpunga ulikuwa mbali chini, haufikiwi na mtu. Mwanamke mwembamba alikuwa amesimama kando ya picha, na rangi ilikuwa bado kwenye kucha zake.

"Ni wewe dada uliyesema mirefu?"

"Nilisema mirefu," Rukia alisema. "Lakini sikusema—"

"Mama yangu amevuna kule Ubaruku miaka mingi. Akirudi jioni alikuwa anasema, mwanangu, leo mikono imerefuka. Mimi nikachora vile alikuwa anasema." Ikupa hakupandisha sauti. "Jana wameniita. Wameniambia nikate, ama kazi basi. Nimekata."

"Ile haikuwa amri, dada. Ule ulikuwa uhakiki!"

"Tofauti yake ni nini?"

Nyuma yao Ndugu Marcelino alikuwa akimwambia mgeni rasmi kwamba maonyesho yamefana. Mwalimu Andendekisye hakuwa amelifikia swali hilo.

Njia nzima ya kurudi Mbeya aliona aibu iliyomchoma kama moto. Alipofika aliandika, na aliandika vizuri, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuwa akijisikia. Aliieleza picha ilivyokuwa kabla hajafungua mdomo wake. "Mikono ilikuwa mirefu," aliandika, "na ilistahili kuwa mirefu." Mzee Bartholomeo alisoma mara mbili, akaongeza "Maonyesho yalifana" mwanzoni ili wasomaji wasishtuke, akaipeleka habari hiyo mtamboni. "Ukurasa ni wako," akasema.

Juma lililofuata simu ikalia.

"Ndugu Mhakiki!" Alikuwa Marcelino, na alisikika ana furaha. "Tumesoma gazeti. Tumetekeleza."

"Mmetekeleza nini?"

"Mikono. Tumerefusha. Kwa wakulima wote, ili pasiwe na upendeleo. Hata picha ya mgeni rasmi, sasa anajikuna kisigino bila kuinama."

Rukia aliketi. Angeweza kucheka, na siku nyingine angecheka. "Na ya Ikupa?"

"Hapo ndipo pana tatizo. Amekataa kuigusa. Anasema akiirefusha leo itakuwa mikono yako, si ya mama yake. Sasa ofisi inataka kumwandikia barua ya onyo. Tukaona kwanza tupate neno lako."

Rukia aliiona ile miundu ikining'inia hewani. Maneno yote ya darasa la jioni yalimjia, mvutano na nini, na hata moja halikumfaa.

"Iacheni kama anavyotaka yeye," alisema. "Na yeye mwacheni."

"Huo ni uhakiki tu, au ni amri?"

Upande wa pili wa chumba Mzee Bartholomeo alikuwa ameacha kuandika. Rukia alifumba macho.

"Ni amri," akasema.