Ukurasa wa Tatu

Chuo cha Tujenge, kule Fizi mlimani, kilikuwa na wanafunzi sitini na watatu, kamusi moja ya Kilatini na gazeti moja. Mapadri walikijenga ili vijana wasome falsafa na mashairi. Serikali ikakichukua ili vijana waimbe. Gazeti lilisalimika kwa sababu mashine ya roneo iliyolichapa ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na hakuna aliyetaka kuumiza mgongo kuiondoa.

Mwaka ule wa sabini na tano mhariri wake alikuwa Gisaro, mtoto wa wafugaji wa milima ya juu, mwembamba, mwenye majivuno ya mtu anayejua kuwa anaandika vizuri. Mchoraji alikuwa Fabien Wilondja, mtoto wa Baraka, mji wa chini kando ya ziwa. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini nani atamwita rafiki yake Sitwayen Wilondja, yaani Mwananchi Wilondja, wakati wa kugawana muhogo? Kila toleo Fabien alichora kwa sindano, juu ya stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, uso wa Kiongozi na kofia yake ya ngozi ya chui. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Kiongozi siku zote, hata kama habari ya wiki ni ng'ombe aliyeingia darasani. Mkurugenzi wa chuo, mtu wa Bukavu ambaye zamani aliitwa Casimir na sasa angekufunga ukimwita hivyo, alikagua uso huo tu. Akiona masikio yamekaa sawa, anatia saini. Kurasa tatu za nyuma hakuzifungua. Uvivu huo ndio uliokuwa uhuru wote wa gazeti.

Kutoka Fizi hadi kwao Gisaro ni mwendo wa siku tatu kwa miguu, kwa hiyo likizo fupi aliteremka na Fabien mpaka Baraka, kwa mama yake Fabien, mjane aliyekausha ndakala, dagaa wa ziwani, na kuwauza sokoni. Kulikuwa na watu mjini waliomtazama mtoto wa wafugaji kwa jicho la pembeni, na waliosema kwa sauti kwamba watu wa juu ni wageni. Mama Fabien hakuwa na muda wa maneno hayo. Alimpakulia kama alivyompakulia mwanawe, akamgombeza kama alivyomgombeza mwanawe.

Kisha ikaja habari kwamba kamishna atapanda Fizi kutoka Bukavu, na chuo kizima kitamfanyia animasyo, yaani kumwimbia na kumchezea Kiongozi na Chama chake kwa saa mbili bila kupumzika. Masomo yakafungwa. Siku nne walicheza uwanjani juani, toka asubuhi hadi jioni. Siku ya pili Fabien aliamka na homa, meno yanagongana. Akaenda kwa Mkurugenzi, Gisaro akiwa nyuma yake.

"Sitwayen Direkta, niko na homa. Ninaomba nilale leo tu."

"Muntu anagonjwa," Mkurugenzi akamjibu. "Chama haigonjwe. Rudi kwa mustari."

Akarudi kwenye mstari. Kesho yake akaomba tena, akakataliwa tena, na safari hii aliandikwa kwenye orodha ya wapinga mapinduzi. Siku ya nne alianguka katikati ya wimbo. Wenzake waliendelea kucheza, maana hakuna aliyetoa amri ya kuacha, naye Gisaro alicheza pamoja nao. Aliyeingia uwanjani kumwokota alikuwa Papa Albert, mlinzi wa lango, mzee asiyejua kusoma wala kuandika. Alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Fabien alikata roho siku iliyofuata kabla ya saa sita, na kamishna hakuja kabisa. Walisema gari lake liliharibika njiani.

Maiti iliteremshwa Baraka kwa lori la mizigo. Mkurugenzi mwenyewe alikwenda, amevaa suti yake isiyo na tai, akamwambia mama wa marehemu kwamba kijana alishauriwa apumzike akakataa, kwa jinsi alivyokipenda Chama. Kwa maneno mengine, mama, mwanao alijiua kwa ukaidi wake. Gisaro alisikia hayo kutoka kwa dereva wa lori.

Akaandika. Aliandika kwa siku mbili, ukurasa wa tatu wote, bila kutia chumvi: siku, saa, maombi yote mawili ya Fabien na majibu aliyopewa. Ukurasa wa kwanza akautumia uso wa Kiongozi ambao Fabien alikuwa ameuchora kabla ya kuugua. Mkurugenzi akatazama masikio, akatia saini. Nakala mia moja zikachapwa na kubanwa pini. Gisaro alipanga kuzigawa Jumamosi na ya kwanza aipeleke Baraka kwa mkono wake. Kwa mara ya kwanza tangu uwanjani aliweza kujitazama kwenye kioo.

Ijumaa upepo uliingia ofisini kwa Mkurugenzi, nakala zilikowekwa mezani, ukapeperusha moja. Mkurugenzi alipoinama kuiokota aliikuta imefunguka katikati.

Hakupiga kelele. Alimwita Gisaro, akamuuliza imebaki miezi mingapi apate diploma. Mitano, akajibu. Akamuuliza baba yake anakaa wapi, ana karatasi gani, na kama akifukuzwa chuoni nani Fizi hii atasimama kumtetea. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Mkurugenzi alijua hasa kamba ile imefungwa wapi. Kisha akamwita Papa Albert na kumwagiza achome nakala zote shimoni nyuma ya jiko.

Papa Albert alichukua ya juu, akaitazama, akairudisha mezani taratibu.

"Hii mi sichome."

"Unasema nini?"

"Iko na sura ya Kiongozi. Shemeji yangu balimufunga miezi sita, kosa yake kufungia karanga ndani ya sura hii. Uniandikie barua, Direkta. Andika: Albert, choma Kiongozi. Weka na sinyatiri yako. Mi nachoma sasa hivi."

Ingekuwa siku nyingine Gisaro angecheka mpaka alie. Mkurugenzi alishika kalamu, akaiweka. Akaishika tena. Ni mkono gani ungeandika barua ile? Kwa dakika nzima gazeti lile halikuweza kuchomwa na mtu yeyote katika nchi nzima. Dakika hiyo ilikuwa ya Gisaro. Angeweza kukusanya mzigo wake, akatoka nao mlangoni, na sijui nani angethubutu kumpokonya uso wa Kiongozi mkononi. Hakufanya hivyo. Mtoto huyu mwenye akili, aliyekerwa kuona mambo yamekwama, akafungua kinywa chake mwenyewe:

"Tunaweza kutoa pini. Ukurasa wa kwanza ubaki. Zinazochomwa ziwe za ndani tu."

Mkurugenzi alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu. Papa Albert naye alimtazama, kisha akatoka nje.

Jioni ile nzima Gisaro alikaa sakafuni akitoa pini kwa kucha, nakala moja baada ya nyingine, nyuso mia za Kiongozi upande huu na kifo cha Fabien upande ule. Alizichoma mwenyewe. Ukurasa wa tatu mpya aliupiga taipu kesho yake kwa maneno ya Mkurugenzi, akayarekebisha hapa na pale kwa sababu yaliandikwa vibaya, akatia jina lake chini kama alivyoagizwa.

Baada ya majuma mawili Mkurugenzi alimtuma Baraka ampelekee mama wa marehemu nakala na kumsomea. Njia nzima ya kuteremka Gisaro alijiapia kwamba atamweleza ukweli. Atalikunja lile gazeti na kusema, mama, sikiliza. Alilirudia neno hilo mpaka ziwa likaonekana chini.

Alimkuta peke yake, nywele zimenyolewa kwa kilio, amekaa kwenye mkeka. Hapakuwa na jirani wala kijana wa Chama mlangoni. Ninalisema hili ili asije akapata mtu wa kumtetea.

"Njo weye," mama akasema. "Karibu, mutoto wangu. Umeleta gazeti?"

"Ndiyo, mama."

"Soma. Mi nasikia."

Gisaro alifungua kinywa kusema lile neno lake. Akafikiria soko, wanawake wa ndakala, maneno yanavyopanda mlima haraka kuliko lori. Akafikiria miezi mitano. Akasoma. Alisoma vizuri, kama kawaida yake: kwamba Sitwayen Wilondja aliombwa mara tatu apumzike, akakataa kwa moto wa mapenzi yake, akaanguka akitabasamu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani aliandika?"

"Ni mimi, mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa amekingoja.

"Papa Albert alishuka hapa siku ya tatu ya kilio. Na miguu, na ule uzee wake. Aliniambia yote. Vile Fabien aliomba ruhusa, vile balimukatalia, vile mulicheza pembeni yake akiwa chini. Alilia mbele yangu."

Gazeti lilikuwa bado mkononi mwa Gisaro. Hakujua aliweke wapi.

"Sasa, mama, sababu gani ulisema nisome?"

"Nilitaka kusikia weye utasema nini."

Akainuka, akaingia jikoni. Gisaro alisikia sufuria, mwiko, maji yakimiminwa. Alitamani afukuzwe, atukanwe, apigwe hata. Mama akarudi na bugali ya moto na samaki mzima, sahani ileile ya likizo, akamnawisha mikono.

"Kula," akasema. "Kupanda Fizi iko mbali."

Akakaa mbele yake, akamtazama mpaka alipomaliza.