Pedali ya Kushoto

Wivu wa Ndung'u ulianza na kigoda. Katika karakana ya mtaa wa Free Area, ambako tulijitolea kila Jumamosi kuwatengenezea majirani baiskeli bila malipo, kigoda kilichokuwa kando ya Mzee Gurbachan, mwenye karakana, kilikuwa cha Ndung'u. Hapo mzee alimfundisha kunyoosha ringi, kazi ambayo sisi wengine hatukupewa. Tena mzee alishatuambia macho yake yamechoka, na mtu wa kigoda ndiye angeachiwa karakana.

Basi asubuhi moja mwaka 1974 wakaja wageni wa kujitolea nasi, mmoja wao Jepkoech, msichana wa Keringet. Mzee akamwona anavyopapasa spoki kwa vidole, akacheka.

"Kaa hapa, mama," akamwambia.

Akakaa kwenye kigoda. Ndung'u aliumia vibaya. Yeye alisota miaka mitatu kabla ya kukikalia, na huyu hata grisi hajagusa.

"Ndung'u, fundisha huyu," mzee akasema.

Akafundisha, kwa sauti tamu ambayo sisi hatukuwahi kuisikia. Breki, mnyororo, dainamo. Jambo moja akaliruka makusudi: kwamba kila upande una pedali yake, na ya kushoto hukazwa kinyume. Jepkoech akachukua pedali ya kulia, akaitia kushoto, ikagoma, akailazimisha kwa spana. Ndung'u akajifanya anatafuta kitambaa. Alikuwa na furaha, hilo nililiona usoni mwake.

Kilichomponza ni kusahau desturi yetu. Mgeni akimaliza baiskeli yake ya kwanza, haipandi yeye.

"Wewe fundisha, wewe panda," mzee akamwambia Ndung'u, akimshikia usukani.

Akikataa, atasema kwa nini? Akapanda. Alikanyaga polepole mpaka kwenye kilima cha kanisa, na alipotia nguvu pedali ikachomoka, naye akaingia matopeni kifua mbele. Nilicheka kuliko wote, maana mwaka mzima alikuwa akiniita Bibi Pampu, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kujaza upepo kwenye kona ya pampu.

Jepkoech akakimbia kumwinua.

"Pole, mwalimu. Mzee, ni makosa yangu. Aliniambia habari ya pedali, nikasahau."

Mzee akaiokota pedali, akayaangalia meno ya hesi yaliyolika, kisha akamtazama Jepkoech kwa upole ambao Ndung'u hakuwahi kutazamwa nao.

"Kweli ulimwambia?" akamuuliza Ndung'u.

Neno moja tu lingemrudishia kigoda. Lakini yule msichana alikuwa amesimama pale anasifiwa kwa macho, na Ndung'u hakuweza kulivumilia hilo.

"Anadanganya," akafoka. "Sikumwambia kitu."

Ndung'u mwenyewe alichelewa kusikia alichosema.

Mzee hakumgombeza. Alimwonyesha Jepkoech kigoda, akamwonyesha Ndung'u kona ya pampu, akarudi kwenye ringi yake. Nami nikasogea kidogo kwenye benchi, nikamwachia nafasi.