Mto wa Kukoholea

Katika wodi ya moyo ya hospitali moja ya umma huko Guayaquil, Zoraida Quimí alimwekea kaka yake Eudoro mto kifuani na kumwambia akohoe. Jana yake walikuwa wamempasua mfupa wa kifua kwa msumeno. Asipokohoa, mapafu yangejaa makohozi, na angekufa na moyo uliotengenezwa vizuri kabisa.

"Sikohoi," Eudoro alisema. "Kohoa wewe."

Ghorofa ya juu, kwa wanaolipa, daktari huchoma dawa ya ganzi kandokando ya kidonda kabla ya kukishona, na mgonjwa huamka akiulizia matokeo ya mpira. Chini hushonwa hivi hivi. Dawa yenyewe si dhahabu, jamani! Haipishani na ile ya kung'olea jino.

Zoraida akaukumbatia mto yeye. Maumivu yakatoka kwa Eudoro, yakapita kwenye pamba, yakamwingia.

"Mama yangu wee!" akasema, akaketi.

Eudoro akakohoa sawasawa, kisha akaomba ndizi za kuponda na jibini.

"Yamehama?" aliuliza muuguzi Griselda.

"Yamehama."

"Haya, yashikilie hapo hapo, nawazungukia wengine."

Muda si muda wodi nzima ikawa ya mito. Wake, wakwe na majirani walipokezana. Muuza bahati nasibu wa langoni alimshikia shemeji yake huku akinadi tiketi kwa sauti ya kubana. Mkurugenzi wa hospitali akashuka, akaona, akafurahi. Mwenye haya angeinamisha uso. Huyu alibandika tangazo: kila mgonjwa wa chini aje na mto na ndugu wawili wenye afya. Ganzi iliyokuwa imeagizwa kwa ajili ya wodi ikapandishwa juu, kwa kuwa chini haina kazi.

Siku Eudoro aliporuhusiwa, kitanda chake alipewa mzee Temístocles, aliyetoka kupasuliwa, ambaye hakuwa na mke, mtoto wala jirani. Alikuwa akivuta pumzi nusunusu, midomo imeanza kugeuka rangi. Zoraida akauchukua mto.

"We mama, ni nani wake?" mlinzi aliuliza.

"Mtu."

"Mtu hayumo kwenye tangazo. Ndugu tu."

"Basi mimi ndiye niliyemzaa."

Mlinzi alimtazama mzee mwenye mvi, akamtazama na mwanamke ambaye hajafika hamsini, akasogea kumpisha.

"Kohoa, mwanangu," Zoraida alisema, ameuma meno. Mzee akakohoa, na rangi ikaanza kumrudia.

Griselda akaja kusimama kando yake.

"Dada, kesho wanapasuliwa watatu wasio na mtu. Utawaweza?"

"Na ganzi?"

"Ganzi ya juu, unajua."

"Mkurugenzi wenu ni baradhuli. Mwambie nimesema mimi, na jina langu umtajie."

"Nitamwambia. Lakini hao watatu?"

Zoraida alifuta jasho kwa kiganja.

"Walete," alisema. "Na uniletee mto mkavu, huu umeloa."