Pilipili za Chama

"Pilipili zimefika, mabibi!" Miodrag alipaza sauti mlangoni mwa kiwanda, na mashine zote za soksi zikazimwa.

Magunia mia ya pilipili hoho nyekundu, nusu ya bei ya sokoni. Kila vuli chama chetu cha wafanyakazi kilituletea, na kwenye baridi kila nyumba ilipata nusu nzima ya nguruwe. Katika mji wetu wa Leskovac, kule Serbia, mwanamke asiyechoma pilipili zake akazijaza mitungini husemwa na mtaa mzima. Basi Miodrag, katibu wa chama, tulimpenda kweli.

Lakini mimi udadisi ndio ugonjwa wangu. Nikauliza mbele ya wote, "Kaka Miodrag, mtu wa kupata magunia mia anashindwaje kutupatia ruhusa ya kwenda chooni?"

Maana msimamizi alitia choo kufuli mpaka saa ya mapumziko, na Slavka, niliyefanya naye kazi bega kwa bega, alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Desanka, beba pilipili kwanza," akanijibu. Watu wakaangua kicheko. Slavka hakucheka. Aliichana kadi yake ya chama palepale.

"Chama cha mboga hicho!"

Kesho yake mimi na Slavka tuliacha mashine, tukavunja kufuli la choo. Kabla ya jioni tukafukuzwa.

Hapo nikamwona Miodrag nisiyemjua. Siku tatu aliketi ofisini kwa mkurugenzi na kitabu cha sheria magotini, hali chakula, haondoki. Siku ya nne akaja kwangu na karatasi ya kunirudisha kazini. Nililia kwa furaha, sifichi.

"Na Slavka?"

"Si mwanachama tena. Nimemtaja, wakaniuliza namtetea kama nani."

"Nisipotia saini je?"

"Mtakosa wote wawili, dada yangu."

Nikatia. Mpaka leo najiuliza: kama angeweza kukaa vile siku tatu kwa ajili yangu, kwa nini hakukaa hata moja kabla hatujavunja kitu? Sijapata jibu, na kadi yangu ninayo bado.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Slavka. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Akanitangulia pale kizingitini.

"Choo wamekifunga tena?"

"La. Kiko wazi siku nzima."

"Afadhali," akasema, mkono tumboni. Hakunikaribisha ndani.