Mbabula ya Nonko Octave

"Enyi wakazi wa nyumba hii ya mtaa wa Panda! Kuanzia jioni ya leo, mimi Blaise, mwanafunzi wa bweni niliyerudishwa nyumbani kwa kuwa walimu hawalipwi, ndimi Waziri wa Joto!"

Mama alinijibu nishuke kitini, nikapepee makala, makaa yetu ya kupikia.

Ilikuwa Juni, baridi inauma, na umeme haukuwapo tangu wezi walipoiba nyaya. Sheria ya Mama ilikuwa moja: mbabula, jiko letu la makala, huwashwa uani, ikiingia ndani, mlango hubaki wazi kidogo, na matundu ya juu ya ukuta hayazibwi.

Aliyenichemsha damu ni Nonko Octave, mdogo wa Baba. Kila jioni aliikumbatia mbabula kwa miguu yake miwili.

"Mukubwa ndiye anasikia baridi," alisema, huku sisi tukigonganisha meno.

Basi nikaapa kwamba atakohoa mpaka akimbie. Alipokwenda kunawa, niliziba matundu kwa matambara, nikafunga dirisha, nikatupa makala yenye maji katika mbabula iliyokwisha kuingizwa ndani. Kisha nikajificha uani kungoja kikohozi.

Hakikuja. Makala yalikauka upesi, yakawaka mekundu bila moshi. Nikakasirika: mchezo umeharibika! Nilidhani, kama mtaa mzima, kwamba pasipo moshi hapana hatari; kumbe sumu ya makala haionekani. Wala sikujua kwamba Nonko alikuwa amerudi, amefunga mlango, amempakata Jessy, mdogo wangu wa miaka mitatu.

Mama aliingia na sahani ya bukari, ugali wetu. Nikasikia sahani ikivunjika.

"Jessy! Jessy, amuka!"

Alimtoa nje akiwa amelegea kama nguo mbichi. Jessy alitapika, ndipo akalia. Nonko akafuata akitambaa, kashika kichwa.

"Octave! Weye unataka kuniulia mutoto?"

"Shemeji, mlango ndiyo, nilifunga. Lakini dirisha, hapana! Matundu, hapana!"

"Ni nani basi, shetani? Kusanya vitu vyako, urudi kwenu Kapolowe leo leo!"

"Kaka iko kwa mugodi wa Kamatanda anachimba, na weye unanifukuza?"

"Atakukuta kwa barabara!"

Nonko alianza kufunga mkeka wake. Mama alinipakatisha Jessy, akarudi ndani. Alipanda mezani, akang'oa matambara kwa hasira, moja baada ya jingine, mpaka akashika soksi yenye namba ya uzi mwekundu, kama nguo zote za bweni.

"Blaise. Ni ya nani?"

"Mama, wanafunzi tuko wengi..."

"Ya nani!"

"Yangu. Niliziba miye, Mama. Usimufukuze Nonko."